Nia ya Mwenye Kusoma na Chombo Asomeacho

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyemfundisha mwanadamu kwa kalamu, akamfundisha asiyokuwa akiyajua. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, aliyeletwa kwa umma usiosoma akaufanya mwalimu wa mataifa, na ziwafikie jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Ndugu zetu Waislamu, tumeulizwa mara nyingi katika darsa yetu hapa Subukia kama vinafaa au havifai hivi vishikwambi na simu wanazosomea watoto wetu, pamoja na programu zilizomo ndani yake za kufundisha hesabu, lugha na hata kusoma Kurani. Wako wazee wanaosema kuwa ni fitina iliyoingia nyumbani, na wako vijana wanaosema kuwa ndiyo ukombozi wetu. Sisi tumechelewa kujibu, na sababu ya kuchelewa ni kwamba jambo lilitufika sisi wenyewe kabla ya kulitolea maneno. Twaona ni wajibu wetu kulieleza kama lilivyokuwa, kwani mwenye kuwanasihi watu huku akiificha aibu yake, nasaha yake haina baraka.

Baada ya Ramadhani ya mwaka uliopita, waumini wa msikiti wetu walichanga wakanunua vishikwambi vinne kwa ajili ya watoto wa madrasa. Sisi tukafurahi mno. Bonde letu hili la Subukia ni bonde la wakulima na wafugaji, Waislamu ndani yake ni wachache, na walimu wa kuwatosha watoto wetu hatunao. Tukasema: Alhamdulillahi, tumepata walimu wanne wasiochoka wala wasiodai mshahara. Tukaweka humo programu ya herufi za Kiarabu na tajwidi, programu ya hesabu, na programu ya kusoma Kiingereza. Kisha tukatundika ukutani ubao wa majina, na kila wiki tukawa twaandika alama za kila mtoto kama zilivyohesabiwa na chombo chenyewe. Tukatangaza kuwa atakayetangulia kufika alama elfu moja atapata kanzu mpya na mkoba wa shule.

Haikupita miezi mitatu, mtoto mmoja wa Gredi ya Saba akafika elfu moja. Tukamsimamisha mbele ya watu baada ya sala ya Ijumaa, tukamvika kanzu, na baba yake akalia kwa furaha. Kwenye ubao ule ule, jina la mwisho kabisa lilikuwa la binti mmoja mnyonge wa hali, ambaye kila wiki alama zake zilikuwa chache, na wenzake wakimcheka.

Siku chache baadaye akaja mzee mmoja wa jirani, mwenye maradhi ya presha, na mkononi mwake ana pakiti ya vidonge alivyopewa hospitali. Maneno ya kwenye pakiti yalikuwa ya Kiingereza, naye hakijui. Tukamwita yule mtoto aliyevikwa kanzu tukamwambia: Msomee babu yako. Mtoto akaitazama ile pakiti, akatutazama sisi, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayejua: Mara tatu kwa siku. Mzee akashukuru, akainuka aende zake. Yule binti wa mwisho wa ubao alikuwa ameketi karibu na mlango. Akasema kwa haya: Babu, hebu nione. Akasoma polepole, kidole chake kikifuata kila neno, akasema: Hapa pameandikwa mara moja, asubuhi. Tukasoma sisi wenyewe, tukaona kuwa binti ndiye aliyesema kweli.

Ndugu zangu, mikono yetu ilitetemeka. Lau binti yule asingalikuwapo, mzee yule angalikwenda kumeza vidonge vitatu kila siku kwa fatwa ya mwanafunzi wetu tuliyemvika kanzu mbele ya waumini.

Tukamchukua yule mtoto kando, tusimwaibishe mbele ya watu, tukamuuliza: Mwanangu, ulizipataje alama elfu moja? Akatuambia ukweli wote, Mungu ambariki. Swali linapokuja na majibu manne, yeye hakulisoma. Alibonyeza la kwanza. Likiwa jekundu, akabonyeza la pili, kisha la tatu, mpaka pakaja kijani. Na lilipomshinda, alibonyeza mahali pa kuomba msaada mara nyingi mfululizo, mpaka chombo kikamwonyesha jibu lenyewe. Na usiku alimpa kaka yake amfanyie. Tukamwambia: Kwa nini, na hali sisi tulitaka ujifunze? Akatujibu neno ambalo hatutalisahau mpaka tufe. Alisema: Maalim, wewe ulisema atakayefika elfu moja. Hukusema atakayejua.

Basi hilo ndilo jawabu la wale wanaotuuliza juu ya vishikwambi. Tulikuwa tukiuliza habari za chombo, na jambo lenyewe li katika nia.

Kila mmoja wetu aijua Hadithi ya nia, iliyopokewa na Sayyidna Umar bin Al-Khattab, ambayo Imamu Bukhari aliifungulia kitabu chake. Maana yake ni kuwa matendo huhesabiwa kwa makusudio yake, na kila mtu hupata lile alilolikusudia. Na Mtume (s.a.w.) akapiga mfano kwa Hijra yenyewe, ambayo ni safari tukufu kupita zote. Watu wawili wametoka Makka pamoja, wamepita jangwa moja, wamefika Madina siku moja. Mmoja kahama kwa ajili ya Mungu na Mtume wake, na mwengine kahama kwa ajili ya biashara au kwa ajili ya mke. Njia ni moja, jua lililowachoma ni moja, lakini kila mmoja kafika alikokukusudia. Tazama basi: ikiwa njia ya Hijra haikuweza kumgeuza mwenye nia ya mke akawa mwenye nia ya Mungu, je, kishikwambi kitaweza kumgeuza mwenye kutaka alama akawa mwenye kutaka elimu? Mtoto wetu alikusudia kanzu, akapata kanzu. Binti yule tulipomuuliza, tulikuta kuwa mama yake hupeleka maziwa kila asubuhi, na karatasi ya vipimo anayopewa hajui kuisoma, naye alikwisha punjwa. Binti alitaka amsomee mama yake. Kwa hiyo kila somo alilirudia mara tatu na mara nne, na chombo kilipompa jibu hakuridhika mpaka ajue kwa nini ndilo. Ndiyo maana akawa wa mwisho katika ubao wetu. Yeye alikusudia kusoma, akapata kusoma.

Wala msidhani kuwa haya ni ya Subukia peke yake, au ni ya watoto wa Waislamu. Katika mwaka 2004, mtaalamu mmoja aitwaye Ryan Baker na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, katika mji wa Pittsburgh huko Marekani, walitoa habari za wanafunzi waliokuwa wakisoma hesabu kwa programu ya kompyuta. Waliwaona baadhi yao wakifanya yale yale aliyoyafanya mtoto wetu: kubahatisha mfululizo na kuomba msaada haraka haraka mpaka mashine itoe jibu. Wakaona kuwa wanafunzi wa namna hiyo walijifunza kidogo kuliko wenzao, ingawa walikaa mbele ya mashine ile ile kwa muda ule ule. Wakaendelea kuchunguza katika miaka iliyofuata, wakitaka kujua ni moyo wa namna gani unaompeleka mtoto huko. Walidhani kuwa atakuwa yule anayependa kuwashinda wenzake kwa alama. Waliyoyakuta zaidi ni kwamba mwenye kuichezea mashine huwa ni yule asiyelipenda somo lenyewe. Kwa hivyo tusiseme kwa pupa kuwa kila apendaye alama ni mdanganyifu. Lakini tujue kuwa moyo usioona faida ya jambo hutafuta mlango wa nyuma, na mtoto wetu hakuna aliyemwonyesha faida ya Kiingereza ila kanzu.

Na sisi Waswahili tunao mfano wetu ulio karibu zaidi. Baina ya mwaka 2017 na mwaka 2019, katika vijiji 170 hivi vya mkoa wa Tanga, Tanzania, watoto karibu 3,000 walipewa vishikwambi vyenye programu za kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Yalikuwa ni mashindano ya dunia ya watengenezaji wa programu, yaliyoitwa Global Learning XPRIZE, na serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Chakula Duniani walishiriki. Wengi wa watoto wale hawakuwa wamepata kwenda shule, na zaidi ya tisa katika kila kumi hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Vishikwambi vilichajiwa kwa nguvu ya jua, na mwalimu hakuwapo. Baada ya miezi 15 walipimwa tena, na idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ikapungua kwa nusu. Mwezi wa Mei 2019 zawadi ikagawanywa sawa baina ya washindi wawili, Kitkit School na onebillion.

Katika habari hii mna mafunzo mawili. La kwanza ni kwa wazee wetu wanaotaka vyombo hivi vitupwe. Waone watoto wa Tanga, damu yao na lugha yao ni yetu, waliotolewa na Mungu katika giza kwa sababu ya chombo hiki hiki. La pili ni kwa vijana wetu wanaodhani kuwa chombo chatosha. Chombo kilikuwa kile kile kwa wote, na nusu ya wale waliokuwa hawajui neno wakabaki hawajui. Mvua hunyesha shamba zima, lakini haioti ila mbegu iliyopandwa.

Na hapa Kenya tumeona hivyo hivyo. Mwaka 2016 serikali ilianza kupeleka vishikwambi katika shule za msingi kwa watoto wa darasa la kwanza, na kwa jumla vilipelekwa vyombo zaidi ya milioni 1. Ziko shule zilizovitumia vizuri, na ziko zilizovifungia kabatini kwa kuogopa wezi mpaka betri zikafa. Kisha mwezi wa Machi 2020, ulipotufika ugonjwa wa korona, shule zote zikafungwa, na wanafunzi wengi hawakurudi mpaka Januari 2021. Miezi ile ilikuwa mtihani wa nia kwa nchi nzima. Alikuwapo mtoto mwenye simu ya thamani mkononi, asitazame ndani yake ila michezo na picha. Na alikuwapo mtoto mwenye simu ndogo ya vibonyezo ya mama yake, akasoma kwa ujumbe mfupi katika huduma ya Shupavu 291, ambayo kwa muda ilitolewa bila malipo, akijibu maswali ya masomo moja baada ya jingine kwenye kioo kisichozidi upana wa vidole vitatu. Nani kati ya wawili hawa alikuwa na chombo kikubwa? Na nani alikuwa na nia kubwa?

Mwenyezi Mungu katika Sura ya Jumua ametupigia mfano wa watu waliotwikwa Taurati kisha wasiichukue kwa haki yake, kuwa ni kama punda aliyebeba vitabu. Wanavyuoni wa kale walipoufasiri mfano huu waliwaza juu ya vitabu vya ngozi na karatasi. Leo kijana mmoja aweza kubeba katika mfuko wa kanzu yake Kurani nzima, Sahihi zote, tafsiri na kamusi, na vitabu vya hesabu na tiba visivyoweza kuingia katika nyumba yetu hii. Mzigo umepungua uzito, lakini mfano haukuondoka. Punda yule hata angetwikwa maktaba ya Baghdadi yote, angeujua uzito tu.

Sasa tuzitazame nia za wanafunzi, kwani si nia moja.

Ya kwanza ni nia ya kuonekana. Huyu hujifunza ili aambiwe kuwa anajua. Hii ndiyo maradhi mabaya kupita yote, na mwenye kutaka kujua hatari yake na aikumbuke Hadithi aliyoipokea Abu Hurayra katika Sahihi ya Muslim, inayowataja watatu watakaohukumiwa mwanzo Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni mtu aliyejifunza elimu na kusoma Kurani ili aitwe msomi, na kwa hakika akaitwa. Ndugu zangu, siku hizi ziko programu za Kurani zinazohesabu kurasa alizozisoma mtu kila siku na kumwonyesha nafasi yake kati ya wenzake. Hesabu hiyo si haramu, na yaweza kumsaidia mtu kudumu. Lakini tumemwona kijana akikimbiza kurasa kwa kidole ili idadi yake isikatike, na macho yake hayapo juu ya aya hata moja. Huyu anamsomea nani? Ikiwa tuliwakemea wazee wetu kwa kuzisoma khitima mbio mbio bila ya mazingatio, tusiirudishe ada ile ile kwa mlango wa simu.

Ya pili ni nia ya kupita mtihani. Hapa yataka tuwe na insafu, tusiwe wakali bila ya haki. Mtihani ni mlango ambao serikali imeuweka, na mtoto wa maskini akikosa kuupita hana mlango mwengine. Kutaka kupita si dhambi. Mwenye kutaka kupita ili apate kazi ya halali na kuwalea wazazi wake yuko katika ibada. Ubaya unaingia pale kupita kunapotengwa na kujua, mtu akautaka mlango asiitake nyumba. Tuliyaona matokeo yake mwaka 2015, karatasi za mitihani ya taifa zilipovuja na kuenea kwa simu, na matokeo ya maelfu ya watahiniwa wa sekondari yakafutwa. Na tumeyaona kwa vijana wasomi wa nchi yetu wanaoajiriwa kuwaandikia insha wanafunzi wa ng'ambo, hata Bunge la Uingereza likapitisha sheria mwaka 2022 ya kuifanya biashara hiyo kuwa kosa nchini England. Na sasa, tokea Novemba 2022 ilipotolewa ChatGPT, hata mwandishi wa kuajiriwa hahitajiwi: mwanafunzi huandika swali, na mashine humwandikia jawabu zima. Mashine hiyo hiyo, yule anayetaka kujua huiuliza: Nifafanulie hapa nilipokwama, nisahihishe nilipokosea. Na yule anayetaka karatasi huiambia: Niandikie. Mashine huwatii wote wawili.

Mtume (s.a.w.) alipita sokoni akatia mkono wake ndani ya lundo la nafaka, vidole vyake vikakuta umaji chini yake. Akamkataza muuzaji, na akasema maneno ambayo maana yake ni kuwa mwenye kughushi hayumo pamoja nasi. Sisi wakulima wa Subukia twaijua sana hadithi hii. Nani kati yetu hajaona gunia la mahindi, juu limekauka na katikati lina umaji? Mnunuzi huligundua likiwa ghalani kwake, limeota ukungu, na limekwisha haribu magunia yaliyo jirani. Na alama zisizo na elimu chini yake ni gunia la namna hiyo. Siku ya kufunguliwa kwake ni siku anapokuja mzee na pakiti ya dawa. Kishikwambi humsamehe anayebahatisha, humwambia jaribu tena. Dawa haimwambii mtu jaribu tena.

Ya tatu ni nia ya kujua ili kufaidi na kufaidisha. Mwenye nia hii ndiye aliyepata ufunguo. Tazameni Zayd bin Thabit, kijana wa Ki-Ansari. Mtume alimwamrisha ajifunze maandishi ya Mayahudi, kwa kuwa barua zilikuwa zikija na kwenda na hapana wa kuaminiwa katika kuzisoma. Yeye mwenyewe amesimulia kuwa haikupita nusu ya mwezi illa alikuwa amekwisha yajua. Hakuwa na programu wala ubao wa majina. Alikuwa na akili aliyopewa na Mola wake, na alikuwa na barua inayosubiri kusomwa. Binti yetu naye alikuwa na karatasi ya maziwa inayosubiri kusomwa. Elimu yenye mtu anayeingojea upande wa pili haichezewi.

Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 1111, aliandikiwa na mwanafunzi wake aliyekuwa amesoma miaka mingi, akamjibu kwa kijitabu kilichomwita ewe mwanangu. Humo anamkumbusha usiku mwingi aliokesha akirudia masomo yake, na anamuuliza ni kitu gani kilichomkesha: ikiwa ni dunia na kujifaharisha juu ya wenzake, basi ole wake, na ikiwa ni kuihuisha dini na kuitengeneza tabia yake, basi heri yake. Swali hili ni la miaka mia tisa, nalo laweza kuulizwa usiku huu kwa kila mtoto ambaye uso wake unang'aa kwa mwanga wa simu chini ya blanketi.

Yako maneno ya wazee wetu tusiyaache bila ya jawabu. Wanasema: Kwa kuwa fitina ni kubwa hivi, afadhali kuvitupa. Twawajibu kwa heshima: Jambo hili Waislamu tumekwisha lifanya, na hasara yake twaijua. Gutenberg alikuwa amekwisha chapa vitabu huko Ujerumani katika karne ya 15, lakini katika dola ya Kituruki ilipofika mwaka 1727 ndipo Ibrahim Müteferrika alipopata ruhusa ya kuchapa kwa herufi za Kiarabu mjini Istanbul, na kitabu chake cha mwanzo kikatoka mwaka 1729, na vitabu vya dini vikakatazwa katika ruhusa hiyo. Zaidi ya karne mbili na nusu zilipita. Na katika nchi zetu hizi za Afrika Mashariki, babu zetu wengi waliwazuia watoto wao wasiende skuli kwa kuogopa dini yao isipotezwe. Hofu yao ilikuwa ya haki, kwani skuli nyingi zilikuwa za wamishonari. Lakini dawa ya hofu ile ilikuwa ni kujenga skuli zetu, si kukaa nje ya mlango. Tusikae nje ya mlango mara ya pili.

Basi tufanye nini? Tutayasema tuliyoyafanya sisi, na kila mtu apime kwa hali ya kwake.

Kwanza, tuliuvua ule ubao ukutani. Tuliona kuwa kosa la mwanzo lilikuwa letu. Sisi ndio tuliomwonyesha mtoto kibla, naye akaswali kuelekea huko. Mwalimu anayetoa zawadi kwa idadi asishangae akiletewa idadi.

Pili, kila mtoto kabla ya kupewa kishikwambi hutuambia yuamsomea nani au yuasomea nini wiki hiyo. Mmoja atasema ataka kumwandikia shangazi yake barua. Mwengine atasema ataka kuhesabu faida ya mayai ya kuku wao. Jawabu lake laandikwa katika daftari, na mwisho wa wiki huulizwa hilo, haulizwi alama.

Tatu, akimaliza somo hufunga chombo, akamfundisha mdogo wake somo hilo mbele yetu kwa chaki. Aliyebahatisha hawezi kufundisha. Hii ndiyo mizani, wala haidanganyiki.

Nne, twawaomba wazazi wabadilishe swali lao. Mtoto akirudi nyumbani, baba humuuliza: Umekuwa wa ngapi? Tangu leo na amuulize: Umejua nini, na nani kafaidika nacho? Mtoto hujua haraka ni swali gani linalomfurahisha baba yake, na humo ndimo nia yake hujengwa.

Na yule mtoto wa kanzu, mtataka kujua habari zake. Alitaka kuirudisha kanzu, tukakataa. Tulimwambia: Kaa nayo, na ulipe deni lake. Tangu siku ile, kila Jumamosi huenda kwa yule mzee wa presha kumsomea karatasi zake zote, na asipojua neno husema sijui, kisha hulitafuta katika kishikwambi kile kile alichokuwa akikichezea. Wanavyuoni wamesimulia habari za watu walioanza kuitafuta elimu kwa ajili ya dunia, na elimu yenyewe ikawarudisha kwa Mungu. Twataraji atakuwa mmoja wao. Na sisi tuliomvika kanzu kabla ya kumpima, twataraji msamaha.

Ewe ndugu msomaji, usiku wa leo, kabla mtoto wako hajakiwasha chombo chake, kaa naye muda mdogo umuulize atafuta nini. Kisha jiulize wewe mwenyewe umemfundisha atafute nini.

Ewe Mola wetu, tunajikinga kwako na elimu isiyofaa. Zitengeneze nia zetu na nia za watoto wetu, tujaalie tuwe wenye kujua na kufaidisha, na usitufanye wabeba mizigo wasiojua walichokibeba. Amin.

Wabillahi taufiki.